Kapu la Milulu na Bonde Lake

(Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanachama)



Karibu kila nyumba yetu hapa mjini ina kapu la Iringa. Wengine tumelitundika ukutani, wengine tunawekea vitunguu. Bibi zetu walitunzia humo mbegu, ulezi na hata unga, maana lilisukwa likabana. Mzoefu akilishika anakwambia nani alilisuka.

Kapu hilo ni milulu, na milulu ni bonde. Huota penye majimaji, hukatwa, huanikwa juani, ndipo husukwa. Mabonde hayo tunayajua, ndiko tulikolima vinyungu wakati wa kiangazi. Sasa mikaratusi imeshuka mpaka ukingoni mwa chemchemi, na maji yanapungua.

Tuliopewa kushika daftari tunaliona hivi. Mnunuzi akipatana bei na mama wa Mufindi, huhesabu siku za kusuka, na hapo napo hupunja. Milulu yenyewe huandikwa sifuri. Karatusi ina bei yake inayojulikana, basi karatusi inashinda, na kilichoandikwa sifuri hakina mlinzi.

Ndugu zetu wa upande wa Songwe wana mfano. Kule Mbozi, Wanyiha walilima pamba, wakasokota nyuzi na kufuma nguo zao wenyewe. Vikaja vitambaa vya kiwandani. Leo nani kati yetu amewahi kuiona mitambo ile ya kufumia ikifanya kazi?

Soko la kazi ya mikono lipo. Iringa mjini, Neema Crafts wamekuwa wakiajiri watu wenye ulemavu tangu 2003, wakiwamo wafumaji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo michango ya mwaka huu tunaiombea kazi mbili: kuweka alama za mita hizo tukishirikiana na serikali za vijiji, na kujenga banda la kuhifadhi milulu iliyokauka, ili mama asilazimike kuuza kwa bei ya kutupa mvua zikikaribia.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Wenye mikaratusi ndani ya mita hizo, tuonane na kamati baada ya chakula, tupange namna ya kuivuna kwanza, visiki ving'olewe baadaye.