Kumtambua Ndugu kwa Umbo Lake

Dominika ya Tatu ya Pasaka, Mwaka A



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii yatuweka njiani pamoja na wanafunzi wawili waendao Emau. Mgeni anaungana nao, wanatembea naye mwendo mrefu, wanamsimulia huzuni yao. Macho wanayo, na anayesema nao ndiye yule yule waliyemfuata na kumpenda. Hata hivyo hawamtambui. Swali la leo basi ni hili: inakuwaje mtu akamtazama ndugu yake usoni, asimwone?

Ili tulielewe swali hili, natwaa mfano kutoka katika mchezo. Ninyi mnaonisikiliza kutoka Kiegei mmewaona watoto baada ya mavuno ya mtama. Mtoto huokota bua, huliambua ganda lake gumu, kisha kwa vijiti vya ganda lile lile huunganisha kiwiliwili, mabawa na mkia. Punde si punde ana ndege mkononi, anakimbia nayo uwanjani akinguruma kwa mdomo.

Katika nchi nyingine, kama vile Uingereza, Marekani na Japani, mchezo huu hufanywa hata na watu wazima, tena kwa uvumilivu mkubwa. Hununua sanduku lenye vipande vidogo vya plastiki vya ndege ya kivita, vikiwa vimeshikamana kama matunda kwenye kikonyo. Kila kipande hukatwa kwa kisu chembamba, husuguliwa kwa msasa, hupachikwa kwa gundi. Kiti cha rubani hupakwa rangi kwanza, kabla mbavu mbili za ndege hazijafungwa. Kisha nje hupakwa rangi tabaka jembamba, huachwa ikauke, halafu tabaka jingine. Mwishoni kabisa huja alama za taifa. Kikaratasi huloweshwa majini, alama ikateleza, ikabandikwa juu ya bawa. Kipimo kinachopendwa na wengi ni 1 kwa 72, maana yake ndege yenye urefu wa mita 14.4 huwa na sentimita 20 tu.

Watengenezaji wa mifano hii wanalijua jambo ambalo sisi hulisahau. Kalibu ya plastiki ni moja. Kwa vipande vile vile unaweza kuunda ndege ya taifa hili au ya adui wake. Umbo halibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni rangi, na rangi huja mwisho, tena juu juu.

Msidhani kwamba jambo hili ni la mchezo tu. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze mifano 500,000 ya ndege, kwa mbao, kwa kipimo hicho hicho cha 1 kwa 72. Sababu ilikuwa nini? Mfano wa namna hiyo ukiwekwa umbali wa mita 10 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Kwa hiyo marubani na askari wa mizinga walifundishwa kwa mifano ile kutambua maumbo, wapate kujua ipi ni ya adui na ipi ni ya wenzao, kabla ya kufyatua. Mikono ya watoto ilitumika ili ndugu asimwue ndugu.

Nasi Watanzania tunalo somo letu, lenye uchungu zaidi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na nchi yetu ikaingia vitani. Ndege za kivita za Uganda zilitoka Umoja wa Kisovyeti, zile ziitwazo MiG. Ndege zetu zilitoka China, nazo zilikuwa zimeundwa kwa kufuata ndege hizo hizo za Kisovyeti. Maumbo yalikuwa ya jamaa moja, na kutoka chini, kwa jicho la askari aliye na hofu, ilikuwa vigumu kuzipambanua. Katika siku hizo, ndege za jeshi letu zilitunguliwa na askari wetu wenyewe, waliodhani kuwa ni za adui. Askari wale hawakukosa ushujaa wala uzalendo. Walichokosa ni kutambua, na hofu ikajaza nafasi ile.

Ndugu zangu, hofu bado inajaza nafasi ile, na safari hii si angani bali katika mashamba yetu. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Ihefu walianza kuingia mkoa wetu wa Lindi pamoja na mifugo yao. Mnajua yaliyofuata. Ng'ombe wakiingia katika mihogo au mbaazi, familia hulala na njaa. Hilo si jambo dogo, wala mhubiri asiyelima asilifanye dogo. Naye mfugaji aliyefukuzwa huku na huko, asiye na maji wala malisho, ana machozi yake. Lakini tazameni jinsi tunavyoitana. Mkulima hamwiti mwenzake kwa jina lake. Huona shuka na fimbo, akasema, adui huyo anakuja. Mfugaji naye huona jembe na panga, akasema vivyo hivyo. Shuka ni rangi, na jembe ni rangi. Tumesoma rangi iliyo juu ya bawa, nasi tumeshika silaha kabla ya kulisoma umbo.

Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Mwanzo, yanatufundisha kwamba binadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Liangalieni neno hilo, mfano. Mtoto ana mfano wa ndege mkononi. Ninyi na mimi tu mfano wa Mungu. Kalibu ni moja. Kabila, kazi, lugha na mahali mtu alikotoka ni alama zilizobandikwa baadaye. Ni njema, zina uzuri wake, wala hatuambiwi tuzifute. Twaambiwa tusizifanye sababu ya kufyatua.

Tena, wana wa Nachingwea, haiwapasi ninyi kufundishwa ukarimu kana kwamba ni kitu kigeni. Wazee wenu waliishi jirani na kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Watu waliovuka Ruvuma wakikimbia vita walipokewa kusini hii, wakapewa mahali pa kulala na pa kulima, na leo wajukuu wao ni wajukuu wenu. Walitambuliwa. Kilichowezekana wakati ule kinawezekana na sasa.

Tufanye nini basi? Kwanza, mzazi asimnyang'anye mtoto ndege yake ya mabua, hata kama ni ya kivita. Akae naye chini amwulize maswali mawili: Ndani ya ndege hii amekaa nani? Na chini yake, inapopita, wamo akina nani? Mtoto akizoea kujibu maswali hayo, hatakuwa mtu wa kuua bila kujali.

Pili, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wiki hii mwulizeni kila mwanajumuiya ataje jina la mfugaji mmoja aishiye jirani naye, na majina ya watoto wake. Asiyelijua na aende akalijifunze. Nao Wakristo walio wafugaji wafanye vivyo hivyo kwa wakulima.

Tatu, shamba likiliwa, haki idaiwe. Msamaha si kuficha hasara. Hasara ipimwe mbele ya uongozi wa kijiji, fidia ilipwe, na aliyelipa apewe mkono. Lakini haki idaiwe kutoka kwa mtu mwenye jina, isidaiwe kutoka kwa kabila zima.

Wapendwa, wanafunzi wa Emau walimtambuaje Bwana? Hawakumtambua barabarani, ijapokuwa waliongea naye sana. Jioni ilipofika walimsihi yule mgeni abaki nao, wakamkaribisha ndani, wakaketi naye mezani. Na alipoumega mkate, macho yao yakafunguka. Kama wangalimwacha apite zake, wasingalijua kamwe ni nani aliyekuwa pamoja nao. Mlango ulifunguliwa kwanza, kutambua kulifuata.

Leo, tunapoikaribia meza ya Bwana, au tunapoisikiliza Misa tukiwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au umbali, tumwombe atufumbue macho. Bwana mfufuka, uliyetembea na wenye huzuni wasikujue, utujalie kuliona umbo lako katika kila mtu apitaye mbele ya shamba letu, na mikono yetu iwe mizito katika kupiga, iwe miepesi katika kukaribisha. Amina.