Miguu Iliyokufa Ganzi na Bado Yauma

Somo: 2 Wakorintho 12:7–10

Popote ulipo, uwe jikoni, kitandani, au umeketi dukani ukingojea wateja, nakukaribisha tutafakari pamoja kwa dakika hizi chache.

Mtume Paulo atueleza katika somo letu kwamba alikuwa na mwiba katika mwili wake. Mwiba huo ulikuwa nini, hatuambiwi. Wengine wamesema ni macho, wengine homa, na wako waliodhani ni watu waliomwudhi. Mimi nafurahi kwamba hatukuambiwa. Tungalijua kuwa ni macho, wenye macho mabaya peke yao wangalilishika somo hili kuwa lao. Leo nataka kulitia mikononi mwa watu wasiotajwa sana katika mahubiri yetu, nao ni ndugu zetu walioumia uti wa mgongo.

Mnawafahamu. Yuko aliyeanguka kutoka juu ya mwembe au mnazi. Yuko aliyefukiwa na mawe machimboni, na wako wengi wa ajali za barabarani, za matatu na za bodaboda. Alitoka hospitalini akiwa hai, tukamshukuru Mungu. Labda kanisa lilichanga, likamnunulia kiti cha magurudumu. Kisha kila mtu akarudi kwake akidhani mambo yamekwisha.

Usiku ndipo yaanzapo. Miguu ile ile ambayo daktari aliichoma kwa sindano naye asihisi kitu, sasa yawaka moto. Mmoja husema ni kama amekanyaga makaa. Mwingine husema ni umeme unaompiga kutoka kiunoni hadi vidoleni, au ni siafu waliomwingia ndani ya mifupa. Shuka ikimgusa pale hisi inapokomea, ashtuka kama aliyepigwa kofi. Asubuhi amwambia mkewe, "Mama Watoto, sikulala. Ni miguu." Naye mke, ambaye hakulala vilevile, amtazama na kuwaza: miguu gani tena, ambayo hata haijui kama ipo?

Hapo mtu hujeruhiwa mara ya pili, kwa kutoaminiwa.

Basi tusikilizane vizuri, kwa maana jambo hili lina maelezo. Ndani ya uti wa mgongo mmepita kamba ya mishipa ya fahamu, ipelekayo habari za mwili kwenye ubongo na kurudisha amri. Kamba hiyo ikiumia, habari za kweli za miguu hazifiki. Lakini chukua mfano wa redio. Ikipoteza stesheni, hainyamazi. Hukwaruza na kuvuma. Nawe waongeza sauti ukiitafuta, na kelele yazidi. Ndivyo ilivyo mishipa iliyoumia. Hutuma kelele, na ubongo, uliozoea kupata habari kutoka miguuni, huipokea kelele hiyo kama maumivu ya miguu. Mguu wenyewe hauna kidonda, lakini maumivu ni ya kweli kama ya jino. Na si ya watu wachache wenye mawazo mengi: zaidi ya nusu ya walioumia uti wa mgongo huishi na maumivu ya kudumu ya namna moja au nyingine. Wala si ugonjwa wa juzi. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, daktari Silas Weir Mitchell na wenzake waliandika habari za askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu, na maumivu yao ya kuungua.

Sasa nawageukia washirika. Wako waendao kwa mgonjwa wa namna hii, wakamwombea, wakamwamuru asimame. Asiposimama, watoka nje wakinong'ona kwamba imani yake ni haba, au ana dhambi aliyoificha. Lililo baya kuliko yote ni kumwambia atupe dawa ili aonyeshe imani. Ndugu yangu, Paulo aliomba mara tatu, na mwiba haukuondolewa. Ni nani kati yetu atakayemwambia Paulo kwamba imani yake ilikuwa ndogo? Na mfalme Hezekia alikuwa amekwisha kuahidiwa uzima na Mungu mwenyewe, lakini Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Someni Isaya 38. Ahadi ilikuwapo, na dawa ikapakwa.

Dawa zenyewe yafaa tuzifahamu. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havifui dafu hapa. Madaktari hutumia dawa za kutuliza mishipa, kama amitriptilini, gabapentini na pregabalini. Ya kwanza ilianza kama dawa ya huzuni nzito, na mbili za mwisho ni dawa za kifafa pia, ndiyo maana mgonjwa akisoma karatasi iliyo ndani ya pakiti hushtuka: "Mbona wamenipa dawa ya kifafa?" Hawakukosea. Huanzwa kwa kipimo kidogo, mara nyingi usiku, na kuongezwa polepole, na huenda majuma yakapita kabla ya kuona nafuu. Huweza kuleta usingizi, kizunguzungu na kinywa kikavu. Zikikusumbua, rudi kwa daktari, wala usiziache ghafula, kwa kuwa kuziacha ghafula kuna hatari yake. Na usizichanganye na pombe. Mara nyingi hupunguza maumivu pasipo kuyamaliza, lakini aliyekuwa halali akipata saa nne za usingizi, hiyo kwake ni sikukuu.

Tena liko jambo ambalo watu wa nyumbani wanaweza kulifanya bila fedha. Kelele hiyo huongezeka kunapokuwa na shida chini, mahali asipohisi: kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umekunjika, mkojo una maambukizo, choo kimekuwa kigumu, kidonda kimeanza matakoni, hata kiatu kinachobana. Kwa hiyo maumivu yakizidi siku fulani, msiseme upesi, "Ni yale yale." Mkague kwanza. Tazameni ngozi yake asubuhi na jioni. Wala msimwekee chupa ya maji ya moto miguuni kwa huruma, ataungua asijue.

Na aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua, akishikwa ghafula na kichwa kinachogonga, na jasho, na uso kuiva, mketisheni wima, miguu ishuke, mlegeze nguo, mtazame kama mkojo umezuiwa, na mkimbilie hospitali. Shinikizo la damu laweza kupanda hadi kumwua. Ombeni mkiwa njiani. Vilevile ganzi ikianza kupanda juu kuliko ilipokuwa, au mikono ikilegea, daktari na ajulishwe.

Yako mengine ambayo hayauzwi dukani. Mtu akiwa na kazi mikononi, akichambua maharagwe, akishona viatu, akifundisha kwaya sauti ya tatu, maumivu hupata nafasi ndogo. Kisha watu humwona akicheka, wakasema, "Aha, kumbe alikuwa akitudanganya!" Jamani, acheni. Amepumzika kwa saa moja. Saa tisa ya usiku mko wapi ninyi?

Rafiki za Ayubu walipofika, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Hilo walilifanya vema. Walipofumbua vinywa ndipo walipoharibu. Nami nauliza, chama cha akina mama, na ninyi akina baba, msijifiche: ni nani atakayeshika usiku mmoja tu katika juma, amgeuze ndugu huyu kila baada ya saa mbili, ili mkewe alale?

Nawe uliye kitandani ukinisikiliza, sikwambii kwamba maumivu haya ni baraka. Paulo mwenyewe aliuita wake mwiba, na mjumbe wa Shetani. Aliomba uondoke, nawe omba, hata mara mia. Siku ukikosa neno la shukrani, fungua Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kumalizika gizani, na Mungu hakuikataa isiwemo katika Kitabu chake. Paulo hakuondolewa mwiba. Alipewa neema ya siku ile, na kesho yake akapewa nyingine.

Tuombe. Baba yetu, wewe wamjua kila mmoja atakayekesha usiku wa leo kwa sababu ya miguu isiyotembea. Mpe usingizi, hata kidogo. Mkumbuke na yule anayeamka kumgeuza. Tupe sisi masikio ya kumwamini. Kwa jina la Yesu. Amina.