Jina Likihama: Uainishaji Mpya wa Diatomu za Maji Baridi na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili



Diatomu ni mwani wa seli moja, usioonekana kwa macho matupu, wenye gamba gumu linalofanana na kioo. Miongoni mwa zile zienezazo zaidi katika mito na maziwa ni moja ndefu, nyembamba kama sindano, ambayo leo huitwa Ulnaria ulna. Historia ya jina hilo ina funzo kwa mwanaisimu.

Mwaka 1817 Christian Ludwig Nitzsch aliiita Bacillaria ulna. Baadaye Ehrenberg aliihamishia katika jenasi ya Synedra, nayo ikadumu humo kwa muda mrefu. Kigezo kikuu kilikuwa umbo: diatomu ndefu na nyembamba zilikusanywa pamoja, ziwe za baharini au za maji baridi. Hadubini ya elektroni ilipofichua vitundu na mistari ya gamba, kapu hilo lilivunjika. Mwaka 1980 Lange-Bertalot aliipeleka spishi hii katika Fragilaria. Mwaka 1986 Williams na Round waliliwekea jina Synedra mpaka, likabaki kwa diatomu za baharini. Mwaka 2001 Compère alikipandisha Ulnaria, kikundi kilichobainishwa na Kützing mwaka 1844, kikawa jenasi kamili.

Katika safari yote hiyo kiumbe hakikubadilika, wala neno ulna halikubadilika. Kilichobadilika ni kauli ya wataalamu juu ya udugu wake. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu: mzizi -toto hubaki ule ule katika mtoto, kitoto na utoto, na kiambishi ndicho kinachoupanga katika ngeli. Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Kiambishi kikibadilika, maana nayo hubadilika. Jenasi ikibadilika, kirejelewa ni kile kile.

Hapo ndipo penye hatari. Diatomu hutumiwa kupima hali ya maji. Mwanafunzi anayelinganisha orodha ya zamani ya viumbe wa ziwa na ya leo, bila kuijua historia hii, ataona Synedra ulna imetoweka na Ulnaria ulna imezuka. Ataandika kwamba ziwa limebadilika, ilhali kilichobadilika ni kitabu.

Kwa mantiki hiyo, istilahi ya Kiswahili inayoegemea jina la jenasi huzeeka kila jenasi inapogawanywa. Ni salama zaidi kuegemea sehemu isiyohama. Ulna kwa Kilatini ni kigasha, na pia kipimo cha urefu. Kiswahili tayari kina dhiraa, kipimo cha tangu kiwiko hadi ncha ya kidole, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya kigasha. Diatomu dhiraa ingefaa kuwa jina la kufundishia, likiandamana na jina la Kilatini na mwaka wa uainishaji unaofuatwa.

Uainishaji ni hoja, na hoja hurekebishwa. Istilahi njema humwezesha msomaji kukitambua kiumbe kile kile hata baada ya hoja kurekebishwa.