Siku ya Tisa Bila Pombe

Somo: Luka 15:11–24



Hapa Milimani, Kisumu, ulevi hujificha nyuma ya malango. Kule Nyalenda mlevi wa chang'aa huonekana njiani. Huku kwetu mtu hunywa sebuleni, na asubuhi hufunga tai akaenda kazini. Lakini kifungo ni kimoja.

Ndugu mmoja alitujia akiwa na siku tisa bila kunywa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutulia, ila moyo bado. Alituuliza, “Mchungaji, nitawatazamaje watoto wangu?” Alitaka kwanza kulipa karo yote aliyoinywa, ndipo arudi kanisani.

Tulifungua Luka 15. Yule kijana, akiwa kwa nguruwe, alitunga maneno ya kumwambia baba yake: kwamba amfanye kama kibarua. Je, mmeona kwamba neno hilo la kibarua hakuwahi kulitamka? Baba alimkumbatia angali ananuka zizi, kisha akaagiza vazi na pete.

Aliyeacha pombe juzi hukutana na aibu ambayo chupa iliifunika. Aibu hiyo ndiyo humrudisha kwenye chupa. Basi kujikubali si kujisifu, wala si kusahau deni. Ni kusema, “Mimi ni mlevi, na Mungu ananipenda leo.” Karo italipwa, lakini italipwa na mwana, si na kibarua.

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Robert Smith, waliona kwamba kuambiana ukweli kuliwasaidia kukaa bila pombe, siku moja moja. Hivyo ndivyo chama cha Alcoholics Anonymous kilivyoanza. Mlevi hapone vema akiwa peke yake.

Tena, aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafula aweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Apelekwe hospitali. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Nasi tulio kanisani, tusiwe kama kaka mkubwa aliyesimama nje amenuna. Ndugu yule alikuja Jumapili, akakaa benchi la nyuma. Karo bado anadaiwa. Tumsogelee.

Tuombe. Baba mwema, mshike mkono aliyeamka leo akiogopa jioni. Mpe siku hii moja, na kesho umpe nyingine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.