MAANA YA "DEMISE" KATIKA HATI ZA ARDHI



Leo napenda kueleza kitenzi kimoja cha Kiingereza cha kale, nacho ni "demise", hutamkwa dimaizi. Waingereza wenyewe hawakitumii katika mazungumzo ya kila siku. Lakini katika hati za zamani za kukodisha mashamba na viwanja, kama zile za Nakuru, Njoro na Naivasha, mtu aweza kukutana nacho, na asipokifahamu aweza kupata hasara.

Akifungua kamusi ndogo ataona kwamba neno hilo maana yake ni kifo. Basi hudhani kwamba hati imekufa, au kwamba mwenye ardhi akifa shamba litakuwa lake. Sivyo hata kidogo. Asili ya neno hili ni Kilatini, nalo lilipita katika Kifaransa, na maana yake ya kwanza ni kuachilia. Maana ya kifo ilikuja baadaye, kwa sababu mfalme alipofariki ufalme uliachiliwa kwa mrithi wake.

Katika hati ya ardhi, "demise" ni kumwachia mtu ardhi aitumie kwa muda uliohesabiwa. Si kuuza, wala si kutoa zawadi. Muda ukiisha, ardhi humrudia mwenyewe.

Muda huo waweza kuwa mrefu sana. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa eka 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 ikaruhusu mashamba yakodishwe kwa miaka 999. Lakini hata miaka 999 ina mwisho wake. Na Katiba ya mwaka 2010 iliamua kwamba mtu asiye raia wa Kenya hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha zako, tazama mambo matatu: muda ni miaka mingapi, ulianza tarehe gani, na kodi ni kiasi gani. Tuseme hati yasema miaka 99 tangu tarehe 1 Januari 1950. Muda huo utakwisha mwishoni mwa mwaka 2048. Anayeinunua mwanzoni mwa mwaka 2026 hanunui miaka 99. Ananunua miaka 23 tu.

Neno hili lina faida pia. Katika sheria ya kale ya Uingereza, aliyeandika "demise" alihesabiwa kuwa ameahidi kumwacha mpangaji akae kwa amani. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inatia ahadi hiyo katika mkataba hata neno lisipoandikwa, maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza masharti yake.

Basi ukilikuta neno hili, usiogope, wala usifurahi upesi. Hesabu miaka iliyobaki, kisha umpelekee wakili hati yako kabla ya kutia sahihi.