Baada ya Kiharusi, Tusimkalishe Mzee Kitini

Ndugu zangu wana-Ukerewe, mimi ni mhasibu, ila nimemuuguza mzazi. Mgonjwa wa kiharusi akitoka Bugando na kushuka Nansio, kwa huruma tunamkalisha kitini kutwa nzima asije akaanguka. Hapo ndipo miguu inazidi kulegea. Asimame kila siku ameshika meza nzito, kama mtaalamu wa viungo alivyomwonyesha, ahamishie uzito upande dhaifu taratibu, nasi tusimame upande huohuo. Kandambili tuzifiche, avae viatu vyenye mkanda nyuma. Usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Kubwa ni choo: bomba la kushikia ukutani ni nafuu mno kuliko nyonga iliyovunjika. Michango ya mwaka huu naomba ianze na mabomba hayo.