Kitufe Geuzi na Mbofyo wa Kipanya: Suala la Istilahi

Mtu anayechora kwa kompyuta akibofya umbo, huliteua. Akibofya jingine huku ameshikilia Shift, programu nyingi huliongeza katika uteuzi uleule. Kitendo ni kimoja, maana imegeuka. Katika mfumo wa X, ulioanzishwa MIT mwaka 1984, taarifa ya kila mbofyo huja na namba ya hali: Shift ni 1, Caps Lock ni 2, Control ni 4. Shift na Caps Lock kwa pamoja hutoa 3. Hivyo, programu inayouliza iwapo namba ni sawa na 1 hukosea Caps Lock inapowashwa. Yapasa ichunguze biti ya Shift peke yake.

Ndivyo mwanaisimu anavyochambua neno "hawakupigiana": ukanushi, nafsi, wakati, utendea na utendano, kila kiambishi kwa nafasi yake. Kwa hiyo, kuviita vitufe hivi "vivumishi" ni kumpotosha mwanafunzi, kwani kivumishi hufafanua nomino, ilhali vitufe hivi hugeuza kitendo. "Kitufe geuzi" yafaa zaidi: jina lenyewe humfundisha kazi yake kabla hajaandika mstari wa kwanza wa programu.